Nyoka Kubwa na Roald Dahl

Treni ya kwenda Great Missenden inaondokea stesheni ya Marylebone, London, na safari yenyewe haifiki saa nzima. Nilikuwa na mpwa wangu wa miaka tisa, mzaliwa wa hukohuko, ambaye Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Yeye alikuwa anakwenda kwa ajili ya Matilda, yule msichana wa kitabuni. Mimi nilikuwa na langu: mtunzi wa Matilda aliwahi kuwa mkazi mwenzetu wa Dar es Salaam.

Wengi wanaomjua Roald Dahl kwa vitabu vya watoto hawana habari na hilo. Mwaka 1938, akiwa kijana wa miaka 22, alishuka melini Dar kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Akajifunza Kiswahili, akauza mafuta, na vita vilipoanza mwaka uliofuata akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita mbili, kwa hiyo ndani ya ndege ndogo ya mafunzo kichwa kilibaki nje kinapigwa na upepo. Hayo kayasimulia katika Going Solo, kitabu chake cha pili cha kumbukumbu, kilichotoka 1986. Nilikuwa nacho mkobani.

Tulipotoka London nikamsomea mpwa kisa cha koboko. Dahl ananyoa ndevu dirishani, mara anamwona nyoka anamtambalia Salimu, mfanyakazi wa bustani, kwa nyuma. Anapiga ukelele wa Kiswahili: nyoka kubwa! Nikacheka peke yangu.

"Mjomba, unacheka nini? Si atakufa huyo?"

"Hafi. Nacheka hiyo 'nyoka kubwa'. Nyoka ana uhai, tunasema nyoka mkubwa."

"Mimi nasema nyoka kubwa."

Nikafunua ukurasa mwingine.

Great Missenden ni kijiji cha barabara moja kuu nyembamba, na kila hatua unaambiwa hiki kiliingia kitabu gani. Pampu za zamani za petroli, nyekundu, zipo bado. Maktaba ambayo Matilda alikuwa akienda peke yake nayo ipo. Dahl alinunua nyumba hapa mwaka 1954, akaishi mpaka kifo chake mwaka 1990.

Makumbusho yake, yaliyofunguliwa 2005, yako kwenye barabara hiyohiyo. Mpwa alipotelea kwenye michezo ya watoto. Mimi nikasimama mbele ya kibanda. Dahl alikuwa akiandikia bustanini kwake, na vitu vya ndani vya kibanda hicho vimehamishiwa hapa kama vilivyokuwa. Nilitegemea meza. Hakuna meza ya kuandikia. Kuna kiti kikuukuu cha mama yake, kilichotobolewa mgongoni ili uti wake usibanwe, maana ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri mwaka 1940 na maumivu hayakumwacha maisha yote. Juu ya mikono ya kiti kimelazwa kibao kilichovikwa kitambaa cha kijani. Alichonga penseli sita, akaingiza miguu kwenye mfuko wa kulalia, ndipo akaanza. Pembeni kuna kimeza cha vikorokoro: tufe zito la karatasi za chokoleti alizozikusanya ujanani, na kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe, alichopewa baada ya upasuaji. Mwanamke mmoja kando yangu alipojua ni mfupa wa mtu alirudi nyuma. Mimi nilisogea. Mtu anayeweka nyonga yake mezani kama kopo la sukari, huyo hawezi kukusimulia jambo bila kutia chumvi.

Na chumvi ipo. Msomaji wa Kiingereza anaimeza. Sisi inatukwama kooni. Mtumishi wake wa Dar, Mdisho, kitabuni ni wa kabila la "Mwanumwezi", shujaa wa vita ambaye, aliposikia Waingereza wanapigana na Wajerumani, alichukua upanga akaenda usiku kumuua mkulima mmoja Mjerumani wa mkonge. Hilo "Mwanumwezi" ni Mnyamwezi, kwa maneno mengine. Wanyamwezi tunaowafahamu ni wapagazi na wafanyabiashara waliotembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na mizigo mabegani, na walikuwa na vita vyao pia, sikatai. Lakini mauaji yale yana harufu ya mtu aliyeketi kwenye kiti kilichotobolewa, penseli mkononi, miaka karibu hamsini baadaye.

Sikumchukia kwa hilo. Lililonikera ni jingine: katika toleo la kwanza la kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti, la 1964, wale wafanyakazi wafupi wa kiwandani, Oompa-Loompa, walikuwa Mbilikimo waliotolewa msitu wa Afrika, wakilipwa kwa kakao. Watu walilalamika, akawabadilisha. Mpwa hakuwa akijua, na sikumwambia siku ile.

Kaburi liko mlimani, kwenye kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Nyayo kubwa za jitu zimechorwa kuelekea huko, mpwa akazifuata akirukaruka. Jiwe ni la kawaida, limejaa vitu vya kuchezea na penseli zilizoachwa na watoto. Nilimweleza kwamba Dahl alifiwa na binti yake Olivia, wa miaka saba, kwa surua mwaka 1962, na uzeeni akawaandikia wazazi kuwasihi wachanje watoto wao. Akauliza kama yeye amechanjwa. Nikamwambia amuulize mama yake.

Kwenye treni ya kurudi alitoa penseli mpya aliyonunua makumbusho, akaomba kitabu changu. Nikadhani anachora. Alikuwa amekata lile neno "Mwanumwezi" kwa mstari, na juu yake, kwa herufi za kupinda, ameandika "Munyamwezi".

Nikachukua penseli nikafuta hiyo u.