Ekseli Mbili za Salisbury pale Unga Limited

Mwaka 2017 mama mmoja wa Karatu, aliyekuwa akibeba vitunguu kutoka Mang'ola, alichoka kununua hafu shafti, vyuma vya ndani ya ekseli vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gari lake lilikuwa Land Rover 109 ya Series IIA, petroli 2.25, na ekseli yake ya nyuma ilikuwa ile ya Rover, ambayo hafu shafti zake zina meno kumi tu upande wa ndani. Kwa mzigo mwepesi zinatosha. Kwa magunia ya vitunguu kwenye makorongo unasikia mlio mmoja tu, na magurudumu ya nyuma hayasukumi tena. Alisikia kuna ekseli ya Salisbury inauzwa Unga Limited, Arusha, akaniomba niitazame kabla hajatoa pesa.

Kuitofautisha na ya Rover hakuhitaji hata kuinama. Ya Rover nyuma ina kofia ya bati iliyochomelewa, haifunguki. Difu yake, yaani gia za katikati ya ekseli, inatoka nzima kwa mbele ukifungua nati kumi. Salisbury tumbo lake ni chuma cha kumimina, zito, na nyuma lina mfuniko wa bolti kumi. Hafu shafti zake zina meno 24. Kuanzia Series III, 109 zilitoka kiwandani na ekseli hiyo, na ndiyo maana wenye 109 za zamani huitafuta.

Ile tuliyooneshwa ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Rangi mpya kwenye ekseli kuukuu mimi huihesabu kuwa hasara, kwa sababu inaficha nyufa, welding na alama za oili kuvuja.

"Hii ni ya 109 kabisa, fundi," muuzaji alisema. "Nne nukta saba."

Kilichonisimamisha ni uso wa habu, kitovu cha gurudumu. Habu ya 109 inashika shafti kwa bolti sita. Hii ilikuwa na tano, na tano ni za 110, Land Rover ya baadaye yenye springi za koili. Habu peke yake si ushahidi, inaweza kuhamishwa. Nikaomba tindo, nikakwangua rangi kwenye mirija. Chini yake kulikuwa na alama za grainda, mahali ambapo vikalio vya springi za koili na mabano ya mikono ya chini vilikatwa. Vikalio vya springi za 109 vilichomelewa juu yake baadaye, kimoja kikiwa kimeinama kidogo kuliko mwenzake.

"Mzee, tuihesabu kwanza," nikamwambia.

Kuhesabu uwiano, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa magurudumu, hakutaki kufungua kitu. Ekseli iwekwe juu ya magogo, habu zote mbili zikiwa huru. Mtu mmoja anashika habu ya upande mmoja isizunguke hata kidogo. Unapiga chaki kwenye habu ya pili na kwenye flenji ya propela, ile sahani ya mbele ya difu inakofungwa propela, kisha unaizungusha habu hiyo mizunguko ishirini huku mwingine akihesabu flenji. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, mizunguko ishirini ya habu ni mizunguko kumi ya krauni, gia kubwa ya difu. Ekseli ya 4.7 itakupa 47 kwenye flenji, ya 3.54 itakupa 35 na ushee. Wengi hufanya mizunguko miwili tu na kukadiria kwa macho. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Tulipata 35 na ushee.

Mama aliuliza kama tofauti hiyo ni kubwa kiasi hicho. Kwa gari lake, ndiyo. Series haina difu ya katikati. Ukiunganisha magurudumu yote manne, na gia nzito huyaunganisha zenyewe, ekseli ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Mbele 4.7 na nyuma 3.54 zitavutana mpaka tairi ziteleze au kitu kivunjike, na mara nyingi ni kitu cha ghali. Ilikuwapo njia: kutafuta difu ya 3.54 yenye meno kumi kutoka Range Rover ya zamani na kuitia mbele, maana inaingia mahali pa ile ya Rover bila kukata chochote. Lakini injini ya 2.25 yenye mzigo, kwenye kupanda, ingekosa pumzi.

Kwa hiyo ekseli ile ilikuwa nzima, na kwake haikuwa na thamani. Muuzaji alitaka 1,600,000.

Kumbe ya kweli ilikuwa nyuma ya banda, chini ya chesisi, haina rangi, ina kutu, shafti moja haipo. Habu za bolti sita. Kwa kuwa shafti moja haipo, kuzungusha habu kusingetoa jibu. Tukafungua mfuniko, tukazungusha flenji mpaka krauni ikamilishe mizunguko kumi: 47. Oili ilikuwa nyeusi, si ya maziwa, maana yake maji hayakuingia. Nikapitisha sumaku chini: unga laini wa chuma, hakuna vipande. Unga ni uzee wa kawaida. Kipande chenye kona ni jino la gia lililovunjika. Meno ya krauni yalikuwa yameng'aa sawasawa, hayana vishimo wala rangi ya buluu ya joto.

Kipimo kinachoamua bei ya Salisbury ni flenji ya pinioni, ile ile ya propela; pinioni ni gia ndogo inayozungusha krauni. Ishike kwa mikono miwili, ivute juu na chini. Mchezo mdogo wa kuzunguka ni halali. Ikicheza juu na chini, beringi zimekwisha. Kwenye Rover hilo si msiba, unabadilisha difu nzima asubuhi moja. Salisbury inataka kifaa cha kutanua tumbo ili krauni itoke, na mtu anayejua kupanga shimu, vile vibati vyembamba vya kuweka nafasi ya gia. Wa namna hiyo si wengi, na ingekuwa inacheza ningekata nusu ya bei papo hapo. Haikucheza.

Mirija niliipima kwa vyuma viwili vilivyonyooka, kila kimoja kikisimama wima kwenye uso wa drami, na futi juu na chini. Ekseli iliyobebeshwa kupita kiasi inapinda katikati, nafasi ya juu inakuwa fupi kuliko ya chini. Hii ilikuwa sawa. Ubaya wake ulikuwa kwenye stabu ya kushoto, ncha ya ekseli inayobeba habu: sili ilikuwa imechimba mfereji. Tundu la kupumulia lilikuwa limeziba kwa matope, na hilo ndilo husukuma oili ipite sili na kulowesha viatu vya breki.

Muuzaji alitaja 1,200,000. Tulikata gharama za shafti iliyokosekana, stabu, beringi na sili za pande zote mbili, na viatu vya breki. Chini ya yote kuna bei ya chuma chakavu kwa kilo, ambayo muuzaji anaijua kuliko wewe, kwa hiyo usimtukane kwa kuishuka. Alikubali 750,000.

Nilimkumbusha mama vitu ambavyo havimo kwenye bei: pua ya Salisbury ni ndefu, propela yake ya nyuma haitaingia, anahitaji ile fupi, yu-bolti atafute za ekseli hiyo, mirija ni minene, na oili ni EP90, lita mbili na nusu.