Nauli iachwe sokoni, ukaguzi ubaki mikononi mwa serikali

Hadi 1978, shirika la ndege Marekani halikujipangia nauli. Bodi ya serikali iliyoundwa 1938, Civil Aeronautics Board, ndiyo iliyoamua nani aruke wapi na atoze kiasi gani. Ukitaka njia mpya kati ya majimbo, unaomba kibali, washindani wako wanaweka pingamizi, kesi inakaa miaka. Mashirika yakabaki kushindana kwa chakula na ukubwa wa viti huku ndege zikiruka nusu tupu. Shirika la PSA, lililoruka ndani ya California tu na hivyo bodi haikuligusa, lilitoza nauli nafuu zaidi kwa umbali uleule. Rais Carter alisaini sheria ya kuondoa udhibiti huo Oktoba 1978. Shirika la Braniff likaanguka 1982, Pan Am na Eastern 1991, lakini abiria wa kawaida akapata kupanda ndege. Hapo serikali ilifanya vizuri kujitoa.

Usalama ni habari nyingine kabisa. Nauli abiria analinganisha kwenye simu; kihisi kilicho puani mwa ndege hawezi kukikagua.

Tazama Boeing 737 MAX. Ndege ina vihisi viwili vya kupima pembe yake dhidi ya upepo, lakini programu ya MCAS ilisoma kimoja tu. Kikidanganya, programu inaamini pua imeinuka mno na kugeuza bawa dogo la mkiani ili kuishusha. Rubani anarekebisha kwa swichi. Sekunde tano baada ya kuiachia, programu inaanza tena. Tathmini ya awali ya usalama ilitaja kwamba bawa hilo lingegeuka nyuzi 0.6 kwa kila msukumo, kisha zikapandishwa hadi 2.5. Marubani hawakuandikiwa lolote kuhusu MCAS kwenye vitabu vyao. Na sehemu kubwa ya ukaguzi, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliwakabidhi wafanyakazi wa Boeing, watengenezaji wenyewe wa ndege.

Ndege mbili za aina hiyo zikaanguka: watu 189 walikufa Indonesia Oktoba 2018, na 157 Ethiopia Machi 10, 2019 katika safari ya kwenda Nairobi. Wakenya walikuwa 32.

Marekebisho yenyewe yanauma kwa wepesi wake: programu sasa inalinganisha vihisi vyote viwili, vikitofautiana kwa nyuzi 5.5 inajizima, na husukuma mara moja tu. Mkaguzi asiyemtegemea mtengenezaji angeweza kuyadai mapema. Sheria ya Marekani ya Desemba 2020 inaitaka FAA iidhinishe kila mfanyakazi wa kiwanda anayekagua kwa niaba yake. Ni hatua, ila mshahara wake bado unatoka kiwandani, na hapo ndipo wabunge wanapaswa kubanwa.