Fundo la Kanga

"Umeshakula, mama?" Swali hilo la kijana wa duka la dawa pale Ngamiani, nilipomwomba juzi diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti langu, lilinirudisha Ramadhani ya mwaka 2004.

Baridi yabisi ilikuwa imemfanya mama aswali kitini, na kilichomuuma kuliko magoti, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa paji la uso lisilogusa mkeka. Siku chache baada ya kuanza vidonge vya diklofenaki vya miligramu 50, kimoja asubuhi na kimoja jioni, nilimkuta alfajiri amekisogeza kiti ukutani. Alishuka polepole, akitanguliza mkono, kisha goti moja, kisha la pili, ukindu ukilia chini yake, na alikaa katika sijda muda mrefu hata nikahofu kwamba ameshindwa kuinuka. Alipotoa salamu, uso wake ulikuwa umelowa. Nani angethubutu kumnyang'anya vidonge vile?

Mwishoni mwa Septemba kaka alisikia redioni kwamba kampuni ya Merck imeiondoa sokoni dawa yake ya maumivu, Vioxx, kwa kuhatarisha moyo. Tulijipongeza kwamba ya mama ilikuwa nyingine, tusijue kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja. Saumu ilipoingia, kidonge cha jioni akawa anakimeza kwa maji na tende moja, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri. Katika kumi la mwisho alianguka uani, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami.

Daktari aliyemwongezea damu alieleza kwamba dawa hizo, zinapozuia kemikali zinazoleta uvimbe, huzuia pia zile zinazoulinda ukuta wa tumbo, na kwamba mtu wa umri wake alipaswa kupewa pamoja nazo omeprazoli ya kumkinga. Aliyetuuzia hakusema, nasi, tuliosoma, hatukuuliza.

Mama alirudi kwenye parasetamoli, mafuta ya kuchua na kiti chake. Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nikifua kanga yake, nilikuta pindoni fundo lenye vidonge vitatu.

"Vya Ijumaa tu, mwanangu," alisema.

Niliondoa viwili, nikalifunga fundo.

"Nimeshakula," nilimjibu yule kijana, ingawa tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu.