Siku Moja Maishani Mwangu: Mwanafunzi wa Ufundi wa Magari, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri Kayole ina giza, baridi ya Julai na kelele za makanga. Naoga haraka, nakunywa chai ya rangi, napakia ovaroli niliyoifua juzi ambayo mifuko yake bado ina unyevu, viatu vyenye chuma mbele, daftari na soketi ya nambari 10. Hiyo soketi siiachi karakanani hata siku moja. Boliti nyingi za gari la Kijapani huitaka, na ndiyo ya kwanza kupotea. Huenda wapi, hakuna ajuaye.

Kabla ya saa moja nimeshuka Makadara, nashika Likoni Road kwa miguu pamoja na watu wanaoingia zamu viwandani. Wakiona ovaroli begani huniuliza kama kwetu wanaandika vibarua. Nikisema mimi ni mwanafunzi, wanacheka. Kusomea gari? Si Kirinyaga Road imejaa vijana waliojua kazi kwa kumshikia fundi tochi? Sina ubaya na vijana hao. Wengine wananishinda mbali kwa mikono. Yuko mmoja Kariobangi anayeshusha gia boksi huku anaongea na simu, na mimi wakati huo bado natafuta boliti ya mwisho iko upande gani. Lakini swali lao ni halali, na gari la leo lilinipa jibu refu kuliko nilivyotaka.

Saa mbili hadi saa nne ni darasa. Leo ilikuwa magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme pamoja: nyaya za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa, betri ya Prius huzidi volti 200, na hata baada ya kuikata unasubiri umeme uliobaki ndani ya inverta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uendeshe mota, upungue ndipo uguse. Magari haya yameshaenea Nairobi, na anayeyaingilia kwa mazoea ya Probox ya kawaida ya petroli anaweza asirudi kwao jioni. Kisha chai na mandazi, tukaingia karakanani.

Chuo chetu hupokea magari ya watu wa nje. Bei ya kazi ni nafuu, na mwenye gari hukubali tangu getini kwamba wanafunzi ndio watakaoshika spana, Mwalimu akisimamia. Wanakubali kwa mdomo. Saa nne na nusu ikaingia Toyota Vitz ya fedha. Mwenyewe mtu wa makamo, koti la suti, simu mbili mkononi.

“Kijana, niitie fundi.”

“Gari hili nimepewa mimi, mzee. Mwalimu atakagua.”

Akatazama saa. “Basi sikiza. Kuna taa ya buluu hapa haizimiki. Izime nirudi kazini. Sitaki mambo mengi.”

Kwa wasioijua: Vitz ya aina hii haina mshale wa joto. Ina taa ya buluu ikimaanisha injini bado ni baridi, na nyekundu ikimaanisha imepita kiasi. Ya buluu inafaa izime baada ya dakika chache. Yake, alivyosema, humsindikiza Thika Road karibu nzima, na hata ikizima hurudi akiteremka mteremko. Nikamuuliza mafuta yanakwendaje. Hapo ndipo alipochangamka. “Hii kitu ni cc 1000 na inakunywa kama lori!”

Nikaunganisha skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Hakuna kosa hata moja lililoandikwa. Mzee akafurahi: mashine imesema gari ni zima, basi nitoe balbu ya taa twende. Nadhani hapa ndipo watu wengi huikosea kazi yetu. Wanafikiri skana hutaja ugonjwa. Skana hutaja kile ambacho kompyuta ya gari imekilalamikia, na kompyuta haikulalamika. Nikafungua ukurasa wa vipimo, tukatoka na Mwalimu hadi Enterprise Road na kurudi, na joto la maji ya injini halikufika nyuzi 70. Injini iliyo timamu huvuka 80 na kukaa humo. Tena mpira wa juu wa rejeta, kile kipoza maji cha injini, na wa chini ilianza kupata uvuguvugu pamoja tangu tulipowasha. Haitakiwi hivyo. Rejeta inafaa ibaki baridi mpaka injini ipate moto.

“Mzee, nadhani gari lako halina thamostati.”

Akampigia fundi wake, akaweka spika ili sote tusikie. Fundi hakukana. “Hiyo nilitoa boss. Ni ya nchi za baridi. Afrika haina kazi.”

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka, maana jibu hilo analisikia kila muhula. Akaniambia, “Mweleze mteja wako.” Nikaeleza, nikiwa nimesimama kwenye baridi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeivalia sweta mbili chini ya ovaroli. Thamostati ni kilango cha maji ya injini: hukaa imefunga mpaka maji yakaribie nyuzi 82, ndipo ifungue yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanapoozwa tangu unapowasha. Sensa inaiambia kompyuta injini ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, na nyingine inateremka hadi kwenye oili. Injini haijui iko Afrika. Inajua nyuzi tu.

Kazi ingeishia hapo kama lengo lingekuwa kuuza thamostati. Lakini hakuna anayeitoa bila sababu, hata kama sababu ni mbovu. Nikamuuliza: kabla haijatolewa, gari lilichemka? Ndiyo, Desemba, kwenye msongamano wa Jogoo Road, mvuke hadi kwenye kioo. Sasa kama ninarudisha thamostati na kumwachia kilicholichemsha, nimemtengenezea Desemba nyingine.

“Nilikuja kwa taa,” akasema, “sasa mmefika kwenye Desemba.”

Nikawasha eyasii, kipoza hewa cha ndani ya gari. Feni ya rejeta inafaa izunguke hapo hapo. Kimya. Nikaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka vizuri, kwa hiyo mota haina neno. Fyuzi nzima. Nikachomoa rilei yake, yaani swichi inayoipa feni umeme, nikaweka nyingine ya aina ile ile kutoka gari la mazoezi, na feni ikaamka. Kidude kidogo cha bei ndogo ndicho kilichochemsha gari, na badala ya kukitafuta, mtu alitoa kifaa kingine kisicho na hatia.

Kuanzia hapo sikutazama saa tena. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto, kwa hiyo tukangoja, na mzee akazunguka gari akiuliza tunalipwa kwa kukaa? Kilipofunguliwa, maji yalikuwa mekundu kwa kutu. Maji ya mfereji, miaka yote, bila kulanti, ile dawa ya rejeta inayozuia kutu. Tukasafisha, tukamwaga, tukasafisha tena. Bodaboda ikatumwa Kirinyaga Road kuleta rilei na thamostati.

Thamostati mpya huwa siiamini mpaka niione. Nikaitia kwenye sufuria ya maji juu ya koili, na kipimajoto pembeni. Mzee akauliza kama tunapika chai. Ilianza kufunguka kabla ya nyuzi 70, ikarudi ilikotoka na bodaboda yule yule, ambaye sasa alinichukia pia. Ya pili ilifunguka palipoandikwa. Wakati huo maji ya sufuria yalikuwa yamefika 94 na kuanza kutokota, maana Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji hayasubiri 100. Nikamwonyesha mzee kipimajoto: ndiyo maana kifuniko chako lazima kibane presha, la sivyo rejeta inatokota mapema kuliko ya mtu wa Mombasa. Kwa mara ya kwanza hakushika simu.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama, chapati na madondo, vidole vikinuka kulanti. Somo la saa nane la breki likanipita, daftari nitaazima. Tukajaza kulanti na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu, tukatoa hewa, tukangoja injini ipate moto. Taa ya buluu ikazima. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mwalimu akagusa mpira wa chini wa rejeta, akatia sahihi karatasi yangu bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Mzee alilipa. Kwanza aliomba apunguziwe kwa kuwa tumemchelewesha, na kwa kuwa aliyefanya ni mwanafunzi. Ofisi ikakataa. Mgongo wangu ungependa kukataa kwa sauti kubwa zaidi.

Jioni sijui matatu ilipita wapi, nililala kwenye kiti. Nyumbani bado kuna kuandika kazi ya leo kwenye kitabu cha kumbukumbu, hatua kwa hatua pamoja na vipimo, maana mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, unakuja na Mwalimu hapokei “nilirekebisha” bila namba. Nilikuwa nimefika sehemu ya rilei, jirani alipobisha. Probox yake inachelewa kuwaka asubuhi. Nishuke tu dakika mbili, niangalie.

Nikamwambia aiache kama ilivyo usiku kucha, asiiwashe. Nitaiangalia saa kumi na moja ikiwa bado baridi, na amshe mwenye geti mapema.