Plaketi za Hilux ambazo mashine ilikataa kuziona

Duka ninalolitengenezea programu liko Kamalondo, hapa Lubumbashi, na linauza vipuri vya magari. Bidhaa zote zimo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ili wauzaji wapate kipuri hata wakikosea herufi, niliweka Elasticsearch pembeni, yaani programu ya utafutaji yenye faharasa yake. Programu ilikuwa inaandika kipuri kwenye hifadhidata, kisha inakipeleka kwenye faharasa hiyo. Miezi miwili nilijiona fundi.

Asubuhi moja mama wa kaunta akanipigia simu. "Papa, mashine yako inasema uongo. Plaketi za breki za Hilux ziko hapa nyuma yangu, naziona kwa macho, yenyewe inasema hakuna."

Nikafungua kumbukumbu za seva: kila mzigo wa vipuri uliotumwa Elasticsearch umejibiwa 200, namba ambayo seva hujibu mambo yakiwa sawa. Hapo ndipo nilipodanganyika. Ukituma vipuri mia tano kwa pamoja, 200 maana yake ni kwamba mzigo umepokelewa na kushughulikiwa, basi. Kilichokipata kila kipuri kimeandikwa ndani ya jibu, nami sikuwahi kulifungua. Kumbe kipuri cha kwanza kabisa kilikuwa na mwaka 2008 kama namba, Elasticsearch ikakisia kwamba sehemu ya mwaka ni ya namba tu. Plaketi zilipokuja na "2008-2012", zikakataliwa kimyakimya.

Nikaacha kuiruhusu ikisie. Nilitangaza aina ya kila sehemu mwenyewe, na mwaka nikaugawa: wa kuanza na wa kuishia.

Tatizo la pili lilikuwa umeme, na anayeishi huku hahitaji kuelezwa. Ukikatika baada ya kuandika kwenye hifadhidata na kabla ya kupeleka kwenye faharasa, kipuri kinabaki kwenye hifadhidata na faharasa haina habari nacho. Kwa hiyo sasa kipuri na mstari wake wa foleni, yaani orodha ya vinavyosubiri kutumwa kwenye faharasa, vinaandikwa kwenye hifadhidata katika muamala mmoja: vyote viingie, au vyote vikose. Programu nyingine ndogo inasoma foleni, inatuma, na kufuta mstari pale tu kipuri chenyewe kimekubaliwa. Ikituma mara mbili si neno, maana kitambulisho ni kilekile cha hifadhidata, na namba ya toleo, inayopanda kila kipuri kikibadilishwa, inazuia bei ya jana kufunika ya leo. Jibu la kipuri likiwa 409, toleo hilo au jipya zaidi limeshafika, mstari unafutwa. Likiwa 429, seva imelemewa. Tunangoja, kila safari muda mrefu zaidi. Likiwa 400, data ya kipuri ina kasoro, nacho kinawekwa kando kwenye jedwali ninalolisoma kila asubuhi kabla ya chai.

Usiku hesabu za pande zote mbili zinalinganishwa. Zikitofautiana napata ujumbe.

Juzi kwenye lile jedwali nilikuta kipuri kimoja. Mwaka wa kuishia umeandikwa "mpaka leo". Nikampigia mama.

"Sasa Papa, gari si bado wanaitengeneza?"