Keateka, mpangaji na ruta ya Luthuli: kugawa anwani za IP ofisini

Keateka, yaani mtunza nyumba wa ploti ya kupangisha kule Pipeline, Nairobi, ana kazi tatu: kujua vyumba vilivyo wazi, kumpa mgeni ufunguo, na kukumbuka mkataba wa nani unaisha lini. Seva ya DHCP, ile inayogawa anwani kwenye mtandao, ina kazi hizo hizo, ila vyumba vyake ni anwani za IP na wapangaji wake ni laptopi, simu na vifaa vingine. Na kama ilivyo kwenye ploti, balaa kubwa hailetwi na keateka. Huletwa na mtu mwingine anayesimama getini akigawa funguo bandia.

Ofisini mtu huyo ni ruta ndogo iliyonunuliwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, na kuchomekwa chini ya meza kwa sababu Wi-Fi ya kona ile haishiki vizuri. Kebo ya ukutani ikiingia kwenye poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) badala ya WAN (ya kuunganisha nje), ruta hiyo inaanza kujibu kila kifaa kinachoomba anwani kwenye VLAN ile, yaani kile kipande cha mtandao kilichotengwa. Iko karibu, kwa hiyo mara nyingi hujibu kabla ya seva, na vifaa vingi hukubali ofa ya kwanza. Nusu ya ghorofa inajikuta na 192.168.0 kitu fulani, mfumo wa mishahara haufunguki, na lawama zote zinamwendea fundi wa seva ambayo haina kosa lolote. Ukiwa na siku moja tu ya kuboresha mtandao wa ofisi, itumie kuziba mwanya huu. Lakini mpango wa anwani hutangulia.

Hesabu vifaa, usihesabu watu. Ghorofa yenye wafanyakazi 180 ina laptopi 180, simu za mkononi kama hizo, simu za mezani, printa na kamera. Anwani 254 za mtandao wa ukubwa wa /24 hazitoshi hata kidogo. Zitenge kwa VLAN: laptopi kwake, simu za mezani kwake, kamera kwake, wageni kwake. Laptopi zipe 10.20.10.0/23, yaani anwani 510 zinazotumika. Zuia 20 za mwanzo kwa ajili ya lango (ruta ya kutokea nje ya VLAN) na vifaa vya anwani za kudumu, na seva igawe kuanzia 10.20.10.21 hadi 10.20.11.254. Hapo umebaki na 490. Nairobi ikichukua 10.20, tawi la Mombasa lipe 10.30 na Kisumu 10.40, ili mtu akisoma anwani kwenye logi (kumbukumbu za matukio) ajue papo hapo imetoka mji gani.

Muda wa mkataba ndio wengi hawaugusi kabisa. Windows Server huweka siku 8 usipobadilisha. Kwa laptopi za ofisi muda huo ni mzuri, kwa sababu mpangaji hujaribu kuongeza mkataba ukifika nusu, siku ya 4. Asipojibiwa na seva yake, kwenye asilimia 87.5, yaani siku ya 7, anaanza kupaza sauti kwa seva yoyote. Maana yake ni kwamba seva ikianguka Jumatatu, vifaa vinavyoongeza mikataba kwa wakati vina angalau siku 4 mkononi. Ukipunguza muda huo hadi dakika 10, umejinyima nafasi ya kutengeneza seva kabla watu hawajaanza kupiga simu.

Kwa wageni ni kinyume. Chukua mapokezi yanayopokea wageni 150 kwa siku, kila mmoja na simu yake. Kwa mkataba wa siku 8, simu ya aliyekuja kwa dakika 20 inashikilia anwani wiki nzima, na /24 inajaa siku ya pili: 150 na 150 ni 300. Weka mkataba wa saa 2 na tatizo limekwisha. Kumbuka pia kwamba simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hutumia anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) ya kubuniwa kwa kila mtandao. Kumhifadhia mkurugenzi anwani kwa kufuata MAC ya simu yake ni kujitafutia kazi.

Seva iwe mbili. Tangu Windows Server 2012 zinaweza kushirikiana, ama kwa kugawana mzigo au moja ikikaa akiba, zikiwasiliana kupitia TCP 647. Saa zao zikitofautiana zaidi ya dakika 1, ushirikiano hauundiki. Na mabadiliko ya mipangilio au anwani ulizohifadhi kwenye seva moja hayaendi kwa nyingine yenyewe, lazima uyanakili. Kwa wenye Linux, shirika la ISC liliacha kuitunza seva yake ya zamani ya DHCP mwaka 2022, na mrithi wake ni Kea.

Sasa njia. Ombi la kwanza la kifaa hurushwa kwa wote, na ruta haipitishi kelele za namna hiyo. Ndiyo maana kila VLAN inahitaji rilei, yaani mjumbe wa kulibeba ombi hadi kwenye seva, ambayo kwa Cisco ni mstari mmoja kwa kila seva:

ip helper-address 10.20.5.10
ip helper-address 10.20.5.11

Rilei huandika anwani yake ndani ya ombi, kwenye sehemu iitwayo giaddr. Seva husoma giaddr kujua ichote anwani kutoka fungu gani (kila VLAN ina fungu lake la anwani), kisha hutuma jibu huko huko. Kwa hiyo seva lazima iwe na njia ya kurudi. Ukiongeza VLAN mpya na haitoi anwani, ingia kwenye seva upige ping lango la VLAN hiyo kabla ya kugusa kitu kingine. Ping isipopita, acha kuchokonoa mafungu; tatizo liko kwenye ruti.

Kuna hitilafu moja ya fayawoli (kichujio cha mawasiliano) inayowasumbua hata wazoefu. Fundi anaruhusu UDP 67, poti ya seva ya DHCP, kati ya rilei na seva, vifaa vinapata anwani, kila mtu anafurahi. Lakini wakati wa kuongeza mkataba, kifaa hakipiti kwa rilei. Huongea na seva moja kwa moja, kutoka poti 68 kwenda 67, na fayawoli inalitupa ombi lake. Hakuna anayeona kitu, maana kwenye asilimia 87.5 kifaa kinarusha ombi kwa wote tena, rilei inalibeba, na linafaulu. Dalili pekee iko kwenye logi: kwa mkataba wa siku 8, hakuna anayeongeza siku ya 4, wote wanasubiri ya 7. Na zile siku 4 za usalama tulizohesabu juu zimeyeyuka na kubaki moja. Ruhusu VLAN zote za vifaa kufika kwenye seva kwa UDP 67.

Turudi kwa ruta ya Luthuli. Dawa yake ni DHCP snooping, ambayo huifanya swichi ikatae majibu ya DHCP kutoka poti yoyote usiyoiamini. Kwa kuwa poti zote huanza bila kuaminiwa, utaratibu ni muhimu: amini kwanza njia ya kwenda kwenye seva, ndipo uwashe. Ukianza kwa kuwasha, umejifungia nje mwenyewe.

interface Gi1/0/48
 ip dhcp snooping trust
interface range Gi1/0/1-40
 ip dhcp snooping limit rate 15
exit
no ip dhcp snooping information option
ip dhcp snooping database flash:snoop.db
ip dhcp snooping vlan 10,20,30
ip dhcp snooping

Ule mstari wa "no" una sababu. Swichi ya Cisco ikifanya snooping huchomeka chaguo namba 82 (lebo ya kutaja poti ombi lilikotoka) ndani ya ombi huku giaddr ikiwa sufuri, na kifaa cha juu chenye rilei hulitupa ombi kama hilo. Matokeo: umewasha ulinzi na hakuna anayepata anwani. Kikomo cha pakiti 15 kwa sekunde nacho ni cha poti za watumiaji tu. Ukikiweka kwenye kebo inayobeba swichi nyingine nzima, saa mbili asubuhi watu wakiwasha laptopi kwa pamoja poti itajizima.

Mstari wa database ni wa lazima katika mji huu wa stima kukatika. Snooping hujenga jedwali la nani ana anwani gani kwenye poti gani, na ukaguzi wa ARP pamoja na IP Source Guard, kinga za kuzuia mtu kujifanya ana anwani isiyo yake, hulitegemea jedwali hilo. Swichi ikizimika bila kulihifadhi, inaamka ikiwa haimjui mtu. Laptopi iliyobaki hewani kwa betri bado ina mkataba halali na huenda isione haja ya kuomba upya, kwa hiyo swichi inaikatia mawasiliano. Hakikisha pia swichi inapata saa sahihi kupitia NTP (huduma ya kulinganisha saa mtandaoni), la sivyo muda wa mikataba ndani ya jedwali hautakuwa na maana. Printa na kamera zenye anwani za kuandikwa kwa mkono haziingii kwenye jedwali kamwe. Ziandikishe wewe mwenyewe kwenye swichi kabla ya kuwasha ukaguzi wa ARP.

Mshambuliaji anayemaliza anwani zote kwa maombi ya uongo huzuiwa kwa kuweka kikomo cha MAC 2 au 3 kwa poti. Akidanganya MAC ndani ya ombi tu, snooping yenyewe huilinganisha na ile ya fremu (bahasha inayolibeba ombi) na kumkataa.

Mtu akilalamika hana mtandao, soma anwani aliyonayo. 169.254 ni kwamba hakuna aliyemjibu. Anwani ya ajabu ni ruta ya bandia: ipconfig /all itakuonyesha anwani ya seva iliyojibu, arp -a itakupa MAC yake, kisha show mac address-table kwenye swichi itakupeleka hadi poti yenyewe. Anwani sahihi bila intaneti, angalia chaguo namba 3 la lango na namba 6 la DNS. Na kama anwani huja baada ya nusu dakika, poti inasubiri spanning tree (kinga ya swichi dhidi ya mizunguko), sekunde 15 mara mbili; washa portfast, inayoruka kusubiri huko, kwenye poti za watumiaji.

Isipoeleweka bado, sikiliza kwenye seva yenyewe:

tcpdump -ni eth0 port 67 or port 68

Kuna hatua nne: Discover, Offer, Request, Ack. Tazama zinakatikia wapi. Discover bila Offer, fungu limejaa au hakuna fungu linalolingana na giaddr. Offer inatoka lakini Request hairudi, jibu limepotea njiani. Request ikirudi ikitaja seva nyingine, mtu mwingine amejibu kwanza. Ukiona NAK (seva kukataa ombi) nyingi, mara nyingi ni vifaa vilivyohama VLAN vikiomba anwani ya kule vilikotoka, au seva mbili zisizoelewana.

Kwenye Windows, logi iko C:\Windows\System32\dhcp. Tukio namba 14 ni fungu kuisha, 13 ni anwani kukutwa tayari inatumika. BAD_ADDRESS, alama ya anwani hizo zilizokutwa zinatumika, zikianza kuongezeka, mtafute aliyeiandikia kamera anwani iliyo katikati ya fungu. Mafaili haya yana majina ya siku, na Jumatatu ijayo itaifuta Jumatatu hii. Ukitaka kujua nani alikuwa na anwani fulani wiki tatu zilizopita, yapeleke kwenye seva nyingine ya logi. Panga pia siku ya kuyafuta huko, kwani rekodi inayoifunga simu ya mgeni na mtu inaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019.