Ufunguo wa Geti Kubwa

Kwa zaidi ya miaka sita nimekuwa nikienda kazini na kurudi nyumbani kwa treni ya abiria wa mjini, kwa sababu zile zile zinazowavuta wenzangu wengi: nauli yake ni nafuu, na haikwami kwenye foleni kama daladala. Mwezi uliopita, Jumatano jioni, treni yetu ilichelewa karibu saa nzima, hivyo ilipofika kituo ninachoshukia ilikuwa imebeba abiria wake pamoja na wale ambao kwa kawaida hupanda treni inayofuata. Kituo hicho kina mageti mawili ya kutokea. Geti dogo, linalopitisha mtu mmoja mmoja, ndilo lililokuwa wazi. Geti kubwa lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Taa za upande huo zilikuwa hazijawashwa, na askari wa kampuni ya ulinzi, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alisimama getini akimulika tiketi moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu.

Waliokuwa nyuma hawakuona kilichowazuia wa mbele, wakaendelea kusogea. Mbele yangu alikuwapo mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa khanga, na mtoto huyo alikuwa amebanwa kati ya mgongo wa mama yake na begi la mwanamume aliyesimama nyuma yao. Mtoto hakulia. Nimelea watoto wanne, na utulivu ule ulinitia hofu kuliko kelele zote zilizokuwa zimetuzunguka, kwa sababu anayelia ni yule anayepata pumzi ya kulilia. Nikamwita yule kijana: "Mwanangu, fungua hilo geti kubwa, watu wanabanwa." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Ufunguo anao msimamizi, mama, na ameshaondoka." Kisha akamgeukia aliyefuata na kumwomba tiketi.

Wanaume wawili walimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa mama yake, wakampitisha juu ya uzio hadi mikononi mwa muuza karanga aliyekuwa nje. Hapo ndipo alipolia. Hakuna aliyefariki jioni ile, na kwa kuwa hakuna aliyefariki, nina hakika hakuna kilichoandikwa katika daftari lolote.

Simlaumu yule kijana. Alifanya kazi aliyopewa, nayo ilikuwa kulinda nauli. Kinachonisumbua ni kwamba katika kituo kizima, wakati ambapo watu wengi zaidi wanapita, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepewa kazi ya kutulinda sisi.

Tofauti hiyo kati ya kulinda nauli na kulinda abiria imekwishagharimu maisha kwingineko. Tarehe 31 Julai mwaka 2000, katika stesheni ya Tembisa, nje kidogo ya Johannesburg, walinzi waliokuwa wakiwazuia abiria wasio na tiketi walitumia virungu vya umeme dhidi ya umati. Watu walitaharuki, wakasongamana, na abiria 21 wakapoteza maisha. Ninapofikiria tukio hilo, jambo linaloniuma ni kwamba walinzi walikuwapo. Ukiuliza kama stesheni ya Tembisa ilikuwa na ulinzi siku ile, jibu la kweli ni kwamba ilikuwa nao, na watu wakafa mbele ya ulinzi huo.

Inafaa pia kueleweka namna watu wanavyokufa katika msongamano, kwa kuwa tunazoea kusema "wamekanyagana" kana kwamba abiria ndio waliokosa subira. Wengi wa wanaofariki hawafi kwa kukanyagwa. Hufa wakiwa wima, kifua kikiwa kimebanwa kutoka pande zote hadi mapafu yanashindwa kutanuka. Watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayechagua pa kukanyaga. Umati hubeba watu kama maji yanavyobeba majani, na yule aliye nyuma kabisa, anayepiga hatua moja ndogo tu, hajui kwamba uzito wa hatua yake unamfikia mtu aliyebanwa ukutani mita ishirini mbele yake. Ndiyo maana kupaza sauti na kuwaambia watu watulie hakusaidii sana msongamano ukishafika hapo. Kinachosaidia ni upana wa njia, na upana huo ama umeandaliwa kabla au haupo.

Mumbai ilionyesha hayo tarehe 29 Septemba 2017. Stesheni ya Elphinstone Road ilikuwa katika eneo lililokuwa la viwanda vya nguo, ambalo kwa miaka mingi lilibadilika likajaa maofisi, na idadi ya abiria ikaongezeka kwa kiasi ambacho daraja lake jembamba la waenda kwa miguu halikujengewa. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, watu wakajibanza kwenye ngazi kuisubiri ipungue, huku treni zikiendelea kushusha wengine chini yao. Watu 23 walifariki. Abiria walikuwa wamelalamikia daraja hilo kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo. Baada ya vifo, jeshi la India liliitwa kujenga daraja jipya, nalo likafunguliwa Februari 2018, yaani kazi iliyosubiriwa kwa miaka ilikamilika ndani ya miezi mitano. Sijui mtu afarijike au akasirike anaposoma hilo, mimi nilikasirika.

Msongamano ni nusu tu ya hatari, kwani abiria huyo huyo anayebanwa saa kumi na mbili jioni anaweza kuvamiwa na vibaka saa tatu usiku katika jukwaa lisilo na mtu. Hapa narudi tena Afrika Kusini, kwa kuwa ndiko swali la nani anawajibika lilikofikishwa hadi Mahakama ya Katiba. Nchi hiyo ilikuwa na polisi wake wa reli hadi mwaka 1986, walipounganishwa na jeshi la polisi la kawaida. Baadaye mauaji na uporaji ulipokithiri katika treni na stesheni za Cape Town, abiria walikwenda mahakamani, na wenye reli wakasema kwamba kupambana na uhalifu ni kazi ya polisi. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wanaotoa huduma ya treni za abiria wana wajibu wa kuhakikisha kuwa hatua za kuridhisha za usalama wa abiria zipo, hata kama utekelezaji wake uko mikononi mwa mwingine. Nimeusoma uamuzi huo mara kadhaa, na kila mara nafikiria ule ufunguo ulioondoka na msimamizi.

Mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo iliusogeza wajibu huo hadi kwenye jambo dogo kabisa. Abiria mmoja alikuwa ameporwa na watu watatu siku ya mwaka mpya wa 2011, kisha akatupwa nje ya treni iliyokuwa ikienda, na akapoteza mguu. Milango ya behewa ilikuwa imeachwa wazi. Mahakama iliona kwamba kuiacha treni iende milango ikiwa wazi ni uzembe, na kwamba kama ingefungwa huenda asingeumia hivyo, hivyo shirika la reli likawajibishwa. Mlango, taa, kufuli, upana wa ngazi: usalama wa kituo umo katika vitu hivi ambavyo fundi anaweza kuvishughulikia kwa siku moja.

Hata hivyo sitaki ieleweke kwamba walinzi hawana kazi. Katika nchi hiyo hiyo, mwishoni mwa mwaka 2019, mikataba ya kampuni za ulinzi wa reli iliyokuwa na kasoro za kiutaratibu ilikatishwa bila kuandaliwa mbadala wa kutosha. Treni ziliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wezi walizivamia stesheni na kuondoka na nyaya, mapaa, milango na hata reli zenyewe, na huko Cape Town watu walifikia kujenga vibanda juu ya njia ya treni. Ni sawa kabisa kuvunja mkataba mbaya, lakini aliyeuvunja alipaswa kwanza kujua nani atalala stesheni usiku ule.

Wiki iliyopita nilipeleka barua katika ofisi inayohusika na kituo chetu. Niliomba geti kubwa liwe wazi kila treni inaposhusha abiria jioni, ufunguo wake ukae kwa mtu aliye zamu, taa ziwashwe kabla ya magharibi, na tiketi zikaguliwe wakati wa kupanda badala ya kutoka, kwa sababu mtu anayesubiri kupanda bado ana nafasi ya kurudi nyuma, ilhali anayetoka anasukumwa na treni nzima. Karani aliipokea barua vizuri, akaigonga muhuri, akaniuliza kama nilikuwa na jina la mtu aliyejeruhiwa ili aweze kuiweka katika faili la malalamiko ya ajali. Nilimjibu kwamba hakuna aliyejeruhiwa. Akafikiri kidogo, kisha akaiweka katika faili la maoni.

Jana jioni nilipita tena. Taa mbili kati ya nne zilikuwa zinawaka. Geti kubwa lilikuwa bado na mnyororo wake, na yule kijana, aliponiona, alinipa shikamoo, akaninong'oneza kwamba ameshaomba apewe ufunguo wa akiba na anasubiri jibu.